Buibui Hukulivaa Wewe, Baba

Mwaka umeshatimia, Baba yetu Aflah bin Thani, tangu tulipokuzika hapa Maskati, mbali na Unguja uliyoitumikia.

Ulikwenda vita vya Burma ungali kijana, ukarudi na risasi pajani. Bunduki hukuitaka tena. Uligombea, na watu wa shamba wakakupeleka Barazani, kwa sababu kila aliyekujia na shida yake ulimwambia, "Kula kwanza, bwana. Shida haisemwi na njaa tumboni."

Lakini uaskari haukukutoka. Shuka ulizikunja mwenyewe, pembe kwa pembe. Viatu ulivipiga rangi kabla ya Alfajiri. Mwanangu Kheiria, hata kutambaa hajajua, ulimwita "kuruta" na kumpigia saluti.

Mimi ulinipeleka masomo ya jioni, watu wakicheka. "Mwanamke mwenye mume asome nini?" Ukawajibu, "Asome ili asisomewe." Basi leo naandika mwenyewe, tena naandika lile ulilotukataza kulisema.

Siku ya mapinduzi, Marhoon alikuja kwetu mbio. Alikuwa katibu wako. Ulimtoa dukani ukamfanya mtu. Mama akavua buibui lake, akamvisha, akamfunika uso, naye akatoka mlango wa nyuma kama bibi harusi. Wewe ulikaa ukumbini na koti lako la nishani, ukawangoja wanamapinduzi. Wakakufunga.

Ulipoachiwa ukafika huku Maskati, mtaa wa Darsait, ulikuta hadithi imekutangulia: ati Aflah ndiye aliyetoroka kwa buibui! Marhoon, aliyekutangulia kufika, aliisimulia mjini Matrah kila penye kahawa, na mwendo akiuigiza. Watoto wakikufuata sokoni: "Shikamoo, Bi Aflah!" Wewe unaitikia, "Marahaba, wanangu," unapita.

Tulilia useme neno moja tu. Ukasema, "Aliingia kwangu kuomba sitara. Niliyemsitiri simfichui." Ukafa na aibu isiyokuwa yako.

Niwie radhi, Baba. Ahadi ile ilikuwa yako, mimi sikuiweka.

Juzi Marhoon kamtuma mkewe kwa Mama. Serikali mpya ya huku inatafuta watu wa kazi, na yeye anataka jina lake litiwe humu katika tangazo hili, pamoja na jamaa wanaokukumbuka, aonekane alikuwa mkono wako wa kulia. Mama alimtilia kahawa, akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwambia: "Mwambie mumeo, kama kasahau alivyotoka kwangu, mimi nakumbuka. Nilibaki kichwa wazi, na mlango unavunjwa."

Yule bibi aliondoka hakumaliza kikombe. Nilimhurumia yeye, mumewe simhurumii. Na nyinyi mnaotafuta watu wa kazi, someni vizuri: huyu, pakinuka moshi, huwa wa kwanza kutoka, na nyuma yake humsingizia aliyebaki.

Kheiria sasa anakimbia, Baba. Wanasema skuli za wasichana zinakuja. In sha Allah yeye atasoma mchana kweupe, si jioni kwa kujificha kama mamake, na hapana mtoto atakayemcheka kwa jina la babu yake.

Hitma tutaisoma Ijumaa, baada ya Alasiri, nyumbani Darsait. Mlango u wazi kwa kila mtu isipokuwa mmoja.

Wanaokukumbuka na kukuombea: mkeo Nasriya, wanao Thani, Hamdiya na mimi Muhsina, wakwe zako, na mjukuu wako Kheiria. Marhoon hayumo.

Maisha hatutakusahau, Baba. Na yeye pia hatutamsahau.