Siku ya Kumwaga Maziwa

Jumanne, katikati ya Januari. Joto la Boko leo halina adabu, saa moja asubuhi tayari blauzi ilikuwa imenilowa mgongoni. Nimefunga duka. Kufunga duka la madaftari wiki ambayo shule zinafunguliwa ni wazimu, lakini nimefunga na sijutii.

Naandika nikiwa barazani, miguu ndani ya beseni la maji. Nanukia moshi na samli. Nina furaha, na nataka niiandike kabla haijapoa.

Kwa mgeni wa blogu hii: mie ni Mhindu wa Kigujarati, nimezaliwa na kukulia Kinondoni. Mume wangu Senthil ni Mtamil wa kusini kabisa mwa India, alikuja kufanya kazi kiwandani mkataba wa miaka miwili akasahau kurudi. Watu wakituona wanadhani tumeoana nyumba kwa nyumba, si Wahindi wote? Thubutu. Mie na yeye tunagombana kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha pekee tunayoijua wote vizuri.

Chukua leo tu. Kwetu siku hii ni ya tiara. Nilikuwaga napanda juu ya ghorofa na binamu zangu tangu asubuhi, nyuzi zimepakwa unga wa chupa, vidole vimechanika, tunakata tiara za wenzetu na kuwazomea mpaka sauti zinakauka. Chini mama zetu wanapika mboga za mchanganyiko na kashata za ufuta. Rafiki yangu Mpunjabi wa Kipawa, wao wanawasha moto jioni ya jana yake, wanauzunguka na kuutupia bisi na karanga. Kwa kina Senthil hakuna tiara wala moto wa kuzunguka. Kwao unachemsha maziwa nje, kwenye chungu kipya, ukielekea jua linapotoka, na maziwa yanatakiwa yafurike yamwagike. Yakimwagika watu wanashangilia, mwaka utakuwa wa neema. Ndipo unatia mchele, choroko na sukari guru. Wanaiita Pongal.

Sasa nije kwa Amma.

Amma ni mama mkwe wangu. Baba mkwe alifariki mwaka juzi, akabaki peke yake kwenye nyumba kubwa, Senthil akamfuata akamleta. Yuko nasi tangu Agosti. Hajui Kiswahili zaidi ya maneno kama kumi, mie sijui Kitamil hata hayo kumi. Tunaishi kwa vidole na kutikisa kichwa, na kichwa chenyewe wao wanakitikisa kwa namna ambayo mpaka leo sijui kama ni ndiyo au hapana.

Nikiri hapa. Miezi yote hii nilikuwa nimemnunia. Siku ya Diwali niliwasha taa nyumba nzima, nikachora mapambo ya rangi mlangoni kama tunavyochora sie, nikamwita aje. Hakusogea. Alikaa kwenye kiti mlangoni pa chumba chake akitazama tu. Nikampa mwiko akoroge halua, akaficha mikono nyuma. Nikasema moyoni, haya, huyu anaona jiko langu chafu. Nilimpigia mama yangu simu nikasema mambo ambayo sitayaandika.

Aliyenifumbua macho ni jirani yangu, Mama Zuhura. Huyu ni mtu wa Lindi, mjane, mkubwa kwangu kwa miaka kama kumi na tano, na hana dogo. Juzi alikuja kuniletea korosho, akamwamkia Amma shikamoo, akajibiwa marahaba, kisha akanivuta pembeni. "Huyu bibi mbona kila kukiwa na shughuli anakaa kama mgeni? Kuna mtu kamkataza?"

Jioni nikamuuliza Senthil. Ndipo akaniambia. Kwao mjane hashiki kitu cha heri siku ya sikukuu. Hatii mchele chunguni, hapaki mtu manjano, mkono wake unaleta nuksi. Mwaka wa kwanza wa msiba familia nzima haisherehekei, huo umeisha. Wake yeye kama mjane hauishi. Senthil anasema huko kwao siku hizi wengi wameacha mambo hayo, lakini mama yake anayashika, na yeye kama mtoto hana mdomo wa kumwambia aache.

Nilipomsimulia Mama Zuhura aliacha kuchambua mchele wake. "Sie eda ina mwisho," alisema. "Nilikaa nikamaliza, nikarudi kwenye harusi za watu kupika pilau. Yao haina mwisho?"

Nilikuwa na aibu, na si kwa ajili ya Amma peke yake. Shangazi yangu, dada yake baba, alifiwa na mume bado kijana kabisa. Alikaanga vitafunwa vya harusi zote za ukoo wetu, na sikumbuki akimpaka bibi harusi hata mmoja manjano. Kwenye harusi yangu nilimwona amesimama mlangoni, anatabasamu. Sikumwita. Nilidhani anapenda kusimama. Shangazi hayupo tena, na mie nimefika umri huu ndiyo naelewa.

Kwa hiyo leo nilitaka kitu kimoja tu: Amma atoke pale mlangoni. Senthil alinionya nisimlazimishe, maana likitokea baya lolote mwaka huu atajibebesha yeye. Chungu atapika mwenye mume, yaani mie, na Amma atatazama. Nikakubali kwa shingo upande.

Asubuhi Mama Zuhura alikuja na kuni na mawe matatu, akanipangia mafiga uani. Chungu nilikinunua Tegeta, nikakifunga majani ya mmea wa manjano shingoni, nikaegemeza miwa miwili ukutani. Amma alikuwa kwenye kigoda chake mlangoni pa jikoni, amevaa sari yake ya kijivu, mikono mapajani. Nilichora mapambo chini kwa unga wa mchele kama wanavyofanya wao, mistari ikaenda upogo kama barabara ya mtaani kwetu. Kuku wa Mama Zuhura wakaja kudonoa. Nilitaka kuwafukuza, Senthil akasema waache, unga huo umewekwa kwa ajili ya viumbe wadogo. Amma alitabasamu kidogo. Nikajipa moyo.

Nikawasha moto, nikamimina maziwa, nikakaa kitako. Yakaanza kupanda.

Naomba mnielewe. Mie nimelelewa kwenye nyumba ambayo maziwa yakimwagika jikoni ni kesi. Toka nina miaka saba kazi yangu ilikuwa kusimama mbele ya jiko na kuyalinda. Senthil alikuwa amenieleza mara kumi kwamba leo yanatakiwa yamwagike, na nilikuwa nimeelewa. Lakini povu lilipofika ukingoni, mkono wangu ukaenda wenyewe ukavuta kuni mbili nje.

Maziwa yakatulia. Yakashuka taratibu, mbele ya macho yetu wote.

Senthil alishika kichwa. Mama Zuhura akasema "Eh" na kuishia hapo. Mie nikapata kiwewe. Nikarudisha kuni, moja ikiwa imeshalowa kwenye maji ya uani, ikafuka moshi tu. Nikapuliza, majivu yakaniruka usoni. Nikaona maziwa yamepungua, nikaongeza mengine ya kwenye friji. Ya baridi. Mtu mzima, mwenye jiko lake.

Nyuma yangu kigoda kikaanguka.

"Toka," akasema Amma. Neno hilo kalijua kwa kumsikia Mama Zuhura akifukuza kuku wake asiingie ndani. Alinisukuma kwa nyonga, nikakaa chini kweli. Akachuchumaa, akachomoa ule ukuni uliolowa akautupa kule, akatandaza makaa, akapanga kuni upya kwa vidole vyake mwenyewe. Mama Zuhura alimpa kumbi kavu la nazi, akalipokea bila kumtazama. Akapuliza mara tatu. Moto ukashika. Wakati wote huo alikuwa ananisema kwa Kitamil, mfululizo, na Senthil alikataa katakata kunitafsiria.

Yakapanda tena. Yakafurika, yakamwagika kuelekea mashariki, yakafanya moshi kwenye mawe.

"Pongalo Pongal!" Amma ndiye aliyeanza. Sikujua ana sauti kubwa vile. Senthil akaitikia huku machozi yanamtoka, Mama Zuhura akapiga kigelegele mpaka watu wa barabarani wakachungulia getini.

Halafu Amma akaiona mikono yake.

Ilikuwa na majivu na maziwa mpaka kwenye viwiko. Akaitazama upande huu, akaigeuza. Uso ukabadilika. Mie nilijua sasa hivi anainuka, anaingia chumbani, anafunga mlango, na hatutamtoa tena. Niliogopa kweli. Senthil akafungua mdomo, nikamkata jicho akaufunga.

Nikanyanyua sinia la mchele, nikaliweka mbele yake. Maneno ningeyasema kwa lugha gani?

Alilitazama. Maziwa yanaendelea kufurika, nusu chungu inakwenda na maji, na mpishi yeyote anajua maziwa hayamngoji mtu amalize kuwaza. Akachota konzi ya mchele akatia. Akachota ya pili. Ya tatu. Kisha akanyoosha mkono pembeni bila kuniangalia, kiganja juu, anasubiri choroko, kama fundi anayesubiri kibarua mzembe ampe nyundo.

Nikampa choroko. Nikampa sukari guru, nikampa iliki, nikampa samli. Korosho alizikaanga yeye. Nimekuwa kibarua wa Amma asubuhi nzima na sijawahi kufurahia kutumwa kama leo.

Tulikula kwenye mkeka hapo hapo uani. Mama Zuhura alilalamika kwamba ni tamu mno na akala sahani tatu. Amma alikula kidogo, aliongea sana. Nilimwona mara moja akifuta macho kwa ncha ya sari, lakini moshi ulikuwepo pia, sitajifanya najua.

Kuna jambo moja la mwisho la kukiri. Mchana nilimsikia Senthil kwenye simu na kaka yake aliyeko India, anasimulia kwamba mke wake ana akili sana, kwamba nilivuta zile kuni makusudi ili mama akasirike aje mwenyewe. Sikumsahihisha. Ukweli ni kwamba mkono ulisahau, basi. Wewe blogu unajua, na wasomaji wangu kumi na wawili, na ninawaomba mnyamaze.

Kesho kwao ni siku ya ng'ombe. Ng'ombe anaogeshwa, anapakwa manjano, pembe zinatiwa rangi, anavishwa maua na kulishwa Pongal. Hili nimelijua saa moja iliyopita, Amma alipotoka chumbani na kumuuliza Senthil hapa Boko ng'ombe wanapatikana wapi. Mama Zuhura anamjua mzee mmoja wa Bunju anayefuga watatu, keshampigia. Mzee ameuliza mara mbili kama tunataka kununua, na mara moja kama tuko wazima.

Nilimwambia Senthil amtafsirie Amma kwamba asiwe na wasiwasi. Manjano nitapaka mie, yeye atakaa kivulini aniongoze tu.

Amma alinisikiliza mpaka mwisho. Akajibu sentensi moja, Senthil akacheka mpaka akapaliwa.

Anasema maziwa niliyaharibu, ng'ombe wa watu haniachii. Atampaka yeye.