Maharage Yaliyoingia Mafuta

Nyanungu, 16 Juni

Dada Rhobi, shikamoo.

Nawasalimu wewe, shemeji na watoto hapo Busawe. Mgongo umepoa? Mimi mdogo wako ni mzima, sura bado inasumbua watu Sirari, ila maharage yangu ndiyo yanaumwa.

Mvua ilipokata mwezi wa tano, majani yalijikunja, yakawa meusi, yananata. Ya jirani yangu Verdiana, hapo hapo ng'ambo ya ua wa katani, safi kabisa. Mimi niliyepanda lifti Nairobi mara mbili sidanganyiki, nikaanza kumchunguza. Kila asubuhi anapita kwenye mistari yake akimwaga jivu na kunong'ona. Halafu siku moja akanipa pole, akasema maharage yangu yameingia mafuta. Nikajiuliza, amejuaje kama si yeye aliyeyamimina?

Nikamshtaki kwenye ritongo, baraza la wazee. Unawajua wazee wetu, wakikukuta na hatia unatengwa, hata moto huombi kwa jirani. Nikasimama kama wakili, tawi la ushahidi mkononi, nikaeleza kwamba mama huyu amekiri mafuta kwa kinywa chake. Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mzee Heche akauliza kama huko nilikozunguka sikuwahi kusikia wadudu mafuta. Akalisugua lile tawi mkononi mwangu, vidole vyetu vikawa vyeusi kwa vidudu. Akasema vidudu hivyo huzaliana jua likishika, mvua kubwa huviosha, na kwa aliyepanda mapema, vikija maharage yake yamekwisha kukomaa. Jivu ni la kuvifukuza. Kunong'ona ni pambio la kanisani. Kisha akaniuliza nilipanda lini.

Dada, hapo ikabidi niseme kweli. Nilikwambia kwenye simu kwamba mbegu ulizonitumia nilizipanda mvua ya kwanza. Nilidanganya. Zilikaa kwenye gunia wiki nne, mimi niko Sirari nawafundisha watu maisha. Na kabla ya Verdiana nilikushuku wewe, kwamba umenipa mbegu mbovu.

Verdiana peke yake hakucheka. Aliwaomba wazee wasinitoze mbuzi wa faini kwa kumsingizia. Kesho yake nikakuta mistari yangu yote imemwagiwa jivu. Kuna mtu ninamshuku, na safari hii nina uhakika.

Njoo Jumapili twende wote kwake. Maneno ya kujisifu ninayo ya kugawa, ya kuomba radhi sikuyafikia shuleni.

Msalimie shemeji na yule ng'ombe wake mweusi aliyenikanyaga, mwambie nimemsamehe.

Ni mimi mdogo wako, vidole bado vyeusi,
Mseti