Ndoo ya Mama Mkwe

Jumatatu, 5 Februari

Majibu ya damu yametoka. Bado mabaya. Tena yamepanda kidogo kuliko mara ya mwisho.

Daktari wa Mthatha hakunikaripia. Aliweka kalamu chini akaniuliza polepole kama nina hakika na kile mtoto anachokula. Nina hakika! Tangu walipotuambia tumbo la mwanangu Khanya halipatani na ngano, ngano haijavuka mlango wa jiko langu. Mkate nimeufukuza. Soseji nimezifukuza. Vidonge vya mchuzi navyo, nilisoma karatasi yake nikakuta ngano imejificha katikati ya maneno madogo madogo. Madukani wananijua. Nikiingia wanasema, huyo mama msomaji.

Lakini Khanya ana miaka tisa na mwili wa mtoto wa miaka sita. Daktari amesema wakimpima tena mwishoni mwa Machi na hali ikawa hii hii, watamlaza. Sitaki kuandika alichosema kuhusu mrija.

Tulipofika nyumbani, mama mkwe alikuwa ameketi nje ya msonge wake, nyuma ya nyumba yetu. Akauliza, "Makoti, wamesemaje?" Ndivyo anavyoniita, mimi mke wa mwanawe. Nikamwambia mtoto anakula ngano mahali fulani. Akasonya. "Basi ni huko shuleni. Hapa nani atampa? Mimi?"

Kisha akaingia ndani kumjazia Khanya chupa ya kesho. Mungu ambariki. Bila uji wa bibi yake huyu mtoto angekwenda shule na tumbo tupu.

Jumatano, 7 Februari

Chakula cha leo: kiazi kitamu, yai, boga la kupondwa, karanga. Jana nilimfungia mahindi ya kukoboa na maharage. Akarudi nayo. Anasema wenzake wamemcheka, eti anakula chakula cha matanga, eti marehemu nani leo. Nilicheka pia, halafu nikajuta, maana yeye hakucheka.

"Mama, ukinipikia maandazi ya unga wa mchele?"

Nilijaribu Jumapili. Yalitoka mawe. Hata mbwa aliyanusa akaondoka.

Kitu anachokimaliza kila siku ni chupa tu. Amarhewu, uji mchachu wa mahindi, baridi, sukari kidogo. Mama mkwe ana ndoo yake ya plastiki huko msongeni, upande wa nyuma, ule ambao makoti hapiti. Miaka kumi nimeolewa hapa na sijawahi kukanyaga upande ule. Chupa hutolewa nje nami huipokea kwa mikono miwili. Mtu wa mjini angeniona mshamba, lakini ndivyo nilivyolelewa, na Mama ananiheshimu kwa hilo.

Khanya ana rafiki, Ovayo. Mama yake Ovayo ndiye anayekaanga maandazi pale getini pa shule. Nimeanza kufikiri.

Jumanne, 13 Februari

Nimeitwa shuleni. Khanya alitapika darasani, akajichafua pia. Nilimkuta amevishwa sketi ya kuazima, amekaa kwa mwalimu, magoti yamegongana.

Nilimwambia Mwalimu Jantjies waziwazi: huyu mtoto anakaa na mtoto wa muuza maandazi. Mwalimu akasema hajawahi kumwona akila cha mtu. Nikamwambia, Mwalimu, wewe una watoto arobaini, mimi nina mmoja.

Kuanzia kesho Khanya atakula peke yake, kwenye ngazi za ofisi, mbele ya macho ya karani. Nimelitaka mimi.

Njiani kurudi alishika chupa yake tupu kifuani.

Ijumaa, 16 Februari

Amekiri!

Niliketi naye jikoni baada ya chai. Nikamuuliza kwa upole. Sijala, Mama. Nikamuuliza tena. Sijala. Nikamwambia kuna kulazwa, kuna sindano, baba yake atatoka mgodini kule Rustenburg kwa ajili ya uongo wake. Sijala. Nikampiga kofi. Moja. Nikamwambia hatutoki jikoni humu mpaka aseme.

Basi akasema. Ovayo alimpa andazi. Lini? Jumatatu. Na jana? Na jana. Lilikuwa na nini ndani? Akafikiri kidogo. "Jamu, Mama."

Mwili wangu ulilegea kama mtu aliyetua mzigo. Nimempata. Nimemkumbatia, nimemwambia ukweli hauui. Amelala mapema.

Kesho namfuata huyo mama yake Ovayo.

Jumamosi, 17 Februari

Nilimfuata. Kwenye foleni ya dukani, mbele za watu. Nilimwambia anamwua mwanangu kwa maandazi yake. Yule mama alibaki na kikapu mkononi. "Mama Khanya, mwanangu nilimkanya tangu mwaka jana. Akigusa hata makombo, hunawa mikono kwanza kabla ya kumshika Khanya." Nikamwambia mwanangu amekiri. Akasema, sawa, kama amekiri.

Akatoka bila kununua kitu. Wakati ule nilijiona nimeshinda.

Alhamisi, 22 Februari

Tumbo bado linamwuma. Usiku analia chini ya blanketi ili nisisikie.

Anakula kwenye ngazi za ofisi, karani anamwona, hapewi kitu. Kwa hiyo? Labda mwili unachelewa kupona. Chakula kinarudi karibu chote. Nimemwomba Mama aongeze uji, chupa kubwa sasa, ile ya baba yake. Mama amefurahi. "Nilikwambia. Uji ndio utamwinua."

Ijumaa, 1 Machi

Nitaandika yote, kwa mpangilio.

Dada yake Mama amefariki Cofimvaba. Mama ameondoka asubuhi. Kabla gari halijafika aliniita mlangoni pa msonge. Nikapiga magoti pale nje kama kawaida. Akasema, "Inuka. Ingia. Pita huku nyuma." Nikafikiri sikusikia vizuri. "Pita, makoti. Miaka yote hii umeniheshimu, sasa hii nyumba ni yako pia. Nani atamtunzia mtoto uji wake nisipokuwepo?"

Nililia. Kweli nililia. Miaka kumi nimeusubiri mguu wangu uvuke pale. Nilivuka. Nikaiona ndoo yenyewe, ya bluu, imefunikwa kwa kitambaa safi.

Akanielekeza. Pika uji mwepesi. Uache upoe mpaka uvumilike kidoleni. Mimina humu juu ya masalia. "Halafu unauamsha." Akainama, akatoa kopo la zamani la maziwa nyuma ya godoro lililokunjwa, akalifungua. Unga mweupe. "Konzi moja tu. Unanyunyiza juu, unafunika, kesho umeamka, umechachuka."

Nikauliza, "Mama, huu unga wa nini?"

"Wa mkate, makoti. Wa nini tena? Ule uliosema utoke jikoni. Nimeuweka mbali, ona, hata panya haufikii. Mtoto hali unga wangu."

Hali unga wake. Kwake yeye konzi ile si chakula. Ni ya kuamsha tu, inaliwa na uji wenyewe, inakwisha.

Nami je? Hapa ndipo ninaposhindwa kukaa kitako. Nilijua! Kwetu Ngqamakhwe mimi ndiye niliyekuwa nikitumwa. Mama yangu alikuwa akiita, lete konzi ya unga, nami nakimbia, unga ukimwagika vidoleni. Mikono yangu hii imeamsha uji mara ngapi sijui. Mwaka mzima nimesoma karatasi za kila pakiti katika mji huu, lakini ndoo haina karatasi, na uji mchachu kwangu ni mahindi, basi. Kama maji ni maji. Sikuwahi kufikiri. Hata siku moja.

Gari likapiga honi. Mama akanishika bega. "Usiuache ukafa, ndoo hii niliianza wakati mume wako akiwa hajaota meno." Nikasema ndiyo, Mama.

Ndiyo, Mama.

Na chupa kubwa! Mimi ndiye niliyeomba chupa kubwa.

Jumamosi, 2 Machi

Nimemwaga. Nyuma ya zizi. Kuku wakaja mbio. Nimeikwangua ndoo kwa mchanga mpaka ikawa haina hata harufu. Kumwaga ndoo ya mama mkwe siku ya pili baada ya kuruhusiwa kuigusa. Ningesimuliwa habari hiyo ya mtu mwingine ningesema huyo makoti ni mchawi.

Kisha nikamwita Khanya.

"Ovayo alikupa andazi?"

Akaniangalia usoni, kama mtu anayesoma hali ya hewa. "Unataka niseme nini?"

"Ukweli."

"Hakunipa."

"Kwa nini ulisema alikupa?"

"Ulisema hatutoki jikoni mpaka niseme."

"Na ile jamu?"

"Uliuliza ndani kulikuwa na nini." Akainamisha kichwa. "Ilibidi kuwe na kitu."

Nilimwomba msamaha. Nilimwambia ni uji, si yeye, si Ovayo. Akauliza kama basi hatapata tena uji wa Makhulu, ndivyo anavyomwita bibi yake. Nikasema hapana. Hapo ndipo alipolia. Kwa kofi hakulia, kwa ngazi za ofisi hakulia.

Jumapili, 3 Machi

Mume wangu amepiga simu. Nimemweleza yote. Akasema, "Usimwambie Mama kwa simu. Ana msiba. Akisikia kwamba ni mkono wake ndio uliokuwa ukimwumiza mtoto, atakufa naye azikwe palepale." Eti nimwambie ana kwa ana, taratibu. Akaongeza, "Lakini mwambie wewe. Usiache ajionee ndoo."

Jioni Mama mwenyewe akapiga. Sauti imekauka kwa kulia. "Mtoto amekunywa?"

"Amekunywa, Mama."

Mtu mzima mimi.

Jumatatu, 4 Machi

Nimekwenda shuleni kuomba Khanya arudishwe kwa wenzake. Mwalimu Jantjies amekubali bila maneno mengi. Ovayo ana jirani mwingine sasa, wanagawana penseli za rangi. Khanya amewekwa mbele.

Getini nilisimama mbele ya sufuria ya maandazi. Mama Ovayo akaniuliza, "Mangapi?" kama anavyomuuliza mtu yeyote. Nikasema sikuja kununua, nimekuja kuomba radhi. Akageuza maandazi yake. "Mwanangu analala akiuliza amemkosea nini rafiki yake. Nimjibuje?" Mafuta yalikuwa yakiruka, nikaondoka.

Chakula cha leo: wali, maini ya kuku, chungwa. Kwenye chupa, maji. Kimerudi nusu tu. Tumbo halikuuma leo.

Jumanne, 5 Machi

Mama amerudi na gari la mchana.

Nilikuwa nimejiandaa. Chai tayari, kiti kimetolewa, maneno nimeyapanga tangu alfajiri: Mama, kosa ni langu, nilijua nikasahau. Lakini hakukaa. Alisema anavua kwanza nguo za msiba. Nikasema moyoni, akitoka tu. Akitoka tu namwambia.

Alitoka na ndoo. Akasimama mlangoni pa jiko akiwa ameiinamisha, ili nione ilivyo kavu.

"Nani amemwaga?"

Khanya alikuwa mezani, anapaka rangi ramani ya shule. Hakuinua kichwa.

"Ni mimi, Makhulu. Samahani."

Hivyo tu. Kama mtoto anayejibu jina lake darasani. Akabadilisha penseli, akaendelea na bahari.

Mama akamtazama. Akanitazama mimi. "Huyu?" Ndoo ile ikijaa Khanya hawezi hata kuisukuma.

Ilikuwa zamu yangu ya kusema. Nikasema nakwenda kuanua nguo.

Niko chumbani. Nguo ziko kambani bado. Nasikia Mama anamuuliza, kwa upole, ule ambao mimi sikuwa nao, na Khanya anaeleza. Aliiburuta. Alimwaga nyuma ya zizi. Kuku wakaja mbio. Alisugua kwa mchanga. Kumbe aliniona. Anaeleza vizuri, bila kukwama, na sauti yake ni ile ile ya jamu.

Mama ameita. "Makoti!"

Ameita tena.