Picha za Kabla Zilikokwenda

Mpendwa Baba,

Nakuandikia nikiwa nimeketi sakafuni katika karakana yangu hapa mtaa wa Dallas, mjini Embu. Si kwamba nimekosa pa kukaa, maana makochi yamenizunguka pande zote. Ni kwamba kochi lako, lile la mtu mmoja ulilokuwa ukikalia kando ya dirisha kule nyumbani Runyenjes, liko mbele yangu miguu juu. Jana nililifungua. Najua ulikataza. Lakini unajua pia ni nani uliyemkataza. Wewe mwenyewe ndiye uliyenibandika jina la Mama Kwa Nini, na kuna swali nililokuuliza nikiwa darasa la tano ambalo hukulijibu mpaka ukatuacha.

Unalikumbuka? Nilikuuliza picha za kabla zimekwenda wapi.

Naikumbuka ile bodi yako kana kwamba niliipita asubuhi hii. Ilikuwa plaiwudi uliyoifunika kwa kitambaa cha buluu kilichobaki kwenye kazi ya padri. Upande wa kushoto uliandika KABLA, upande wa kulia BAADA. Hakuna fundi mwingine wa makochi pale sokoni aliyekuwa na kitu kama hicho. Kamera uliinunua kwa mpiga picha aliyekuwa akifunga studio yake, na ukaitunza kuliko baiskeli. Ulikwenda nayo hadi nyumbani kwa mteja kabla kochi halijabebwa. Nilipokuuliza kwa nini usisubiri lifike karakanani, ulisema, "Kochi likitolewa nje linafanana na kuni. Nataka watu walione likiwa kwake." Kisha filamu ikijaa unaituma Embu mjini ikaoshwe, nasi tunasubiri wiki nzima, mimi nikikusumbua kila siku kama picha zimekuja.

Siku za soko watu walisimama pale hadi wakaziba njia. Wakulima waliotoka kupeleka kahawa, akina mama wenye mikungu ya ndizi, kila mtu alisogeza pua karibu na bodi.

"Fundi, hii ni ile ile kweli?"

"Ni hiyo hiyo."

"Wacha!"

"Angalia mguu wa kushoto. Unaona alama ya kucha za paka? Sasa angalia kwa hii ingine."

Nami nilikuwa nikisimama kando yako nimevimba kichwa, kwa sababu ile alama ya paka mimi ndiye niliyeigundua. Nilidhani nitaishi maisha yangu yote nikitazama vitu vikiwa vibovu halafu vikiwa vizuri. Kwa kweli ndivyo ilivyokuwa.

Halafu nikatoka shule siku moja nikakuta upande wa kushoto mtupu. Misumari ilikuwapo, picha hazipo. Makochi mapya yalibaki upande wa kulia peke yake, yamependeza bila sababu.

"Baba, picha za kabla zimeenda wapi?"

"Zimelala."

"Na watu watajuaje yalikuwa mabaya?"

"Wenyewe wanajua."

Nikakuuliza tena kesho yake, na kesho kutwa. Ukanituma nikalete misumari ambayo haikuhitajika.

Wiki hiyo hiyo ulitoa amri: kochi lako lisiguswe na mtu. Mkono wake mmoja ulikuwa umechanika na springi moja ilikuwa imeanza kuchungulia, lakini ulikataa katakata kulishona. Mama aliona aibu mpaka ikageuka mzaha. Kila mgeni alipokuja alimwambia, "Karibu, lakini hapo usikae. Huyu ni fundi wa viti, na kwake wageni wanachomwa." Ulicheka tu ukaketi wewe. Miaka yote ile uliketi wewe.

Sasa nikueleze kosa langu, ndipo uone kwa nini nimekuja kulifungua kochi lako.

Biashara yangu inasimama kwa picha, kama yako ilivyoanza. Simu imechukua nafasi ya bodi. Napiga kochi likiwa nyumbani kwa mteja, napiga tena nikilirudisha, naziweka pamoja, naandika Kabla na Baada, nazituma kwa simu watu wazione. Watu wanazipenda, Baba. Nimepata wateja hadi Meru. Kuna mwalimu wa Kaaga, huko huko Meru, aliyenipigia akauliza kama nabadilisha kochi lenyewe kwa siri, na kabla sijamaliza kukasirika akaniambia nimfuate nikachukue lake.

Mwaka huu akaja Mama Karimi. Binti yake Karimi alikuwa anaposwa, na wakwe walikuwa waje kwa ruracio, kuleta mahari, tena wanatoka huko huko Kaaga. Makochi yake yalikuwa yamechoka, gunia la ndani linaonekana, sponji imekuwa unga. Nilikwenda nikayapiga picha sebuleni mwake. Na hapa ndipo nilipokosea kama mtu ambaye hakulelewa nasi: niliacha vitambaa vyake juu ya makochi. Niliona vinaipendezesha picha. Vilikuwa vimefumwa kwa mkono, ua kubwa la manjano katikati na majani manne ya kijani kwenye pembe.

Jina lake sikuliandika popote. Nilijiona mwerevu. Lakini wewe unajua wanawake wa kwetu na vitambaa vyao. Kila mmoja ana ua lake, na wenzake wa kikundi wanalijua kuliko wanavyoijua sahihi yake. Mmoja wao aliliona ua la manjano, akamtumia dada yake aliyeolewa Kaaga, na picha ikafika kwa wakwe mapema kuliko wakwe walivyofika kwa Mama Karimi.

Ruracio ilifanyika, haikuharibika. Ila mzee mmoja, kabla hajaketi, alilibonyeza kochi kwa kidole akamtazama mwenzake, wakatabasamu. Mama Karimi alikuwa amesimama mlangoni na trei ya chai. Aliwaona.

Alinipigia simu wageni walipoondoka. "Wawira, nyumba yangu umeitoa nje. Umeianika." Hakuinua sauti. Nilifuta picha palepale, lakini picha ya simu ukishaituma si yako tena. Nilikuwa nimewaza kushona tu. Sikuwa nimewaza kwamba nampeleka mtu mzima sokoni bila nguo.

Nilikwenda kwake na sukari na majani ya chai, maana kwenda mikono mitupu kungeniongezea kosa. Akaniketisha kwenye kochi nililolishona mwenyewe. Vitambaa havikuwapo. Alikuwa amevitoa vyote, na kochi lilionekana kama la dukani, halina mwenyewe.

Niliomba msamaha. Akanimiminia chai, kisha akauliza, "Hiyo maua unajua ni ya nani?"

"Ni yako, Mama Karimi."

"Ni ya mama yangu. Mimi pekee ndiye alinifundisha. Na baba yako aliiweka kwa bodi yake pale Runyenjes, wewe ukiwa mtoto."

Baba, niliweka kikombe chini.

Akanisimulia. Siku ya soko mama yake alikuta watu wamejaa mbele ya bodi yako. Akasogea kuona wanacheka nini. Wanacheka kochi lake. Upande wa kushoto, gunia nje, na ua la manjano likiwatangazia wote ni la nani. Hakugombana na mtu. Alivua leso mabegani, akaitundika kwenye misumari yako miwili ya juu, ikafunika upande wote wa KABLA, picha yake na za wenzake. Akanunua chumvi, akarudi nyumbani.

Kesho yake ulimpelekea leso imekunjwa vizuri. Mama Karimi alikuwa msichana mdogo, ndiye aliyekuletea nduma na chai, na anayakumbuka maneno yako. Ulisema, "Nilitaka waone kazi yangu, nikawaonyesha nyumba yako." Mama yake akakuuliza kama utazichoma. Ukasema, "Picha ya nyumba ya mtu siwezi kuchoma. Lakini hakuna atakayeiona."

Kwa nini hukuniambia? Sikulaumu, nataka tu kujua. Uliona nilikuwa mdogo? Au uliona haya mbele ya mtoto aliyeamini hukosei? Ungeniambia, nisingelirudia kosa lile lile, kwa familia ile ile, kwa ua lile lile. Ilibidi nicheke njiani nikirudi, cheko la mtu aliyeshikwa.

Ila sijamaliza ya Mama Karimi. Nilipoinuka kuondoka alinishika mkono.

"Hiyo picha, baba yako aliiweka wapi?"

"Sijui. Alisema zimelala."

"Mama yangu hana picha, Wawira. Ni ile ya kitambulisho tu, amenuna kama ameshikwa. Nyumba yenyewe ilishabomolewa. Hiyo ya aibu, ukiipata, niletee."

Nilikwenda Runyenjes. Nilipekua sanduku lako, nikapanda darini, nikafungua Biblia yako kurasa zote. Mama alinifuata chumba hadi chumba akiuliza kama nimetumwa na polisi. Nilipochoka nikajitupa kwenye kochi lako, na springi ikanichoma.

Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba picha zilitoweka wiki ile ile uliyotoa amri ya kochi.

Nililigeuza. Unajua kile kitambaa cheusi tunachopigilia chini ya kochi, ambacho hakuna anayekitazama isipokuwa fundi? Pande tatu kilikuwa na misumari. Upande wa nne kilishonwa kwa mkono, kwa uzi uliopakwa nta, mishono mifupi inayoegemea kulia. Ningeitambua mishono ile hata gizani, ndiyo uliyonifundisha.

"Mama, naomba kochi la Baba."

"Chukua! Limenichoma miaka mingapi?"

Basi jana nikalifungua. Picha zilikuwa ndani ya karatasi ya nailoni, katikati ya gunia na sponji, kavu kabisa. Nikazipanga hapa sakafuni moja moja. Nilidhani nitaona makochi mabovu, Baba, na ni kweli yamo, lakini macho yangu hayakukaa hapo. Nimeona redio zilizofunikwa kama watoto wachanga. Kalenda za miaka iliyopita ambazo hakuna aliyezitoa. Kuku akichungulia mlangoni. Buti za mtu aliyetoka shambani. Nilikaa nikiwauliza maswali watu ambao hata hawamo kwenye picha. Halafu nikalia. Siku ya mazishi yako nilihangaika na wageni, sikulia. Jana nililia, sindano mkononi.

Ya ua la manjano ilikuwa karibu ya mwisho. Gunia liko nje, kama walivyosema. Lakini msichana mdogo amekaa kwenye mkono wa kochi, ameweka kiganja juu ya shimo ili lisionekane, na vidole havitoshi. Pembeni kuna mwanamke nusu ndani ya picha. Ameinama kunyoosha kitambaa, na amegeukia kamera akicheka kwa mdomo wote. Wewe ulikuwa unatazama kochi, hata hukujua umempiga.

Nilimpigia Mama simu kwanza, kwa sababu sasa nimejifunza kuuliza. Nilimwambia nataka kulishona kochi lako hatimaye, na kama ataniruhusu nitume picha zake, kabla na baada, kila mtu ajue ni la kwetu.

"Na vitambaa vyangu ulilibeba navyo?"

"Navyo."

"Basi nirudishie kwanza nivifue, ndipo upige."

Leo asubuhi nilimpelekea Mama Karimi picha yake, nimeifunga ndani ya leso mpya. Aliifungua akiwa amesimama. Akatafuta kiti kwa mkono bila kuangalia, akakaa. Alikaa nayo mpaka chai ikapoa. Alipitisha kidole kwenye uso wa mama yake, kisha kwenye kile kiganja kidogo, akasema, "Nilikuwa nafikiri nimeficha."

Baadaye aliingia chumbani akarudi na vitambaa vyote. Akavitandika kimoja kimoja, akinyoosha pembe kwa namna ile ile ya mwanamke wa kwenye picha. Akaketi juu ya mkono wa kochi, mtu mzima wa umri wake, akaniambia, "Sasa piga."

Nikapiga. Nikamuuliza ninaruhusiwa kuionyesha kwa nani.

"Onyesha watu wote," akasema. "Zote mbili. Lakini hii ya zamani, uandike jina la mama."

Nimeliandika, Baba. Picha nyingine bado ziko hapa sakafuni, na wenyewe nitawatafuta nyumba kwa nyumba, picha ikiwa imefunikwa. Nikikosa jibu la swali lolote, nitakuandikia tena kukusumbua. Pumzika. Springi yako nimeshaitoa.

Ni mimi binti yako,
Wawira, Mama Kwa Nini