Pikipiki ya Shemeji Ilivyokataa Kuwaka

Mdogo wangu mpendwa,

Kabla ya yote, nijulishe kifua chako kinaendeleaje na kama umepata chumba kisichovuja. Huku sisi sote wazima. Mama anakula vizuri na kulalamika vizuri zaidi, jambo linalotuonyesha kwamba ana nguvu. Watoto wako hawajambo; mdogo ameota meno mawili.

Katika barua yako umeuliza, tena kwa haki, iweje pikipiki yako isumbue mwezi mzima ilhali kaka yako ni fundi. Nitakujibu kwa utaratibu.

Ilianza kwa kuwa ngumu kuwaka asubuhi. Mkeo aliipiga kiki mpaka kiatu kikafumuka, na ikiwaka ilitetemeka na kukohoa, kisha ikazimika mara tu aliposhusha choki ya kuwashia. Sasa sikia hili: hakuileta kwangu. Alipita mbele ya gereji yangu akiisukuma, akanisalimu kwa heshima, akaenda kwa Mama Plagi.

Unamkumbuka. Ni yule aliyekuwa akiuza plagi na balbu kwenye kibanda kilichopakana na ukuta wangu, akijifunza ufundi kwa kunichungulia. Aliwahi kuniomba nimfundishe. Nilimcheka mbele ya watu. Leo pikipiki zimepanga foleni kwake, na kwangu amelala mbwa. Vijana wa kijiweni huniuliza kama nimebadilisha biashara nikafungua nyumba ya wazee. Roho iliniuma, ndugu yangu, nami sitaipaka hali hiyo rangi.

Mama Plagi alibadilisha plagi, akasafisha kabureta, akamwaga petroli iliyolala. Pikipiki ikatulia siku moja, ya pili ikarudia ugonjwa wake. Ndipo shemeji, mkeo, akaja kwangu, akiomba radhi kwa kunipita. Niliikagua, nikamwambia sioni kasoro, na kwamba amrudishie fundi wake aliyemchagua. Alirudi huko. Mama Plagi akapima upya, akafungua vali, akabadilisha koili, na kila asubuhi kilio kikawa kile kile.

Wakati huo mkuu wa zahanati anakofanya kazi mkeo alikwisha kumwonya. Alimwambia kwamba akichelewa mara moja zaidi, zamu ya kuwatembelea wazazi wapya majumbani atapewa mwingine. Unajua ameisubiri kazi hiyo miaka mitatu. Alinieleza mwenyewe, amesimama mlangoni pangu, mikono imejaa masizi. Nilimpa pole. Jumatatu iliyofuata alichelewa, na zamu ikaenda.

Siku ya pili yake Mama Plagi aliisukuma pikipiki hadi kwangu mchana kweupe, wateja wake wakimfuata kutazama. Aliniita mwalimu. Alisema akili yake imefika ukingoni, anaomba mkono wangu. Sikumaliza nusu saa. Nilitoa mpira unaounganisha kabureta na injini, nikafunga mwingine, na pikipiki ikawaka kwa kiki moja, ikinguruma bila kukohoa. Watu walinipigia makofi. Wale vijana wa kijiweni walisema jembe la zamani halisahau shamba. Nikatabasamu.

Sasa soma polepole. Siku ile shemeji aliponiletea mara ya kwanza, nilichomoa plagi nikaikuta nyeupe kama chaki, dalili ya hewa kuzidi. Nikamwaga maji kidogo juu ya mpira ule injini ikiunguruma, na mlio ukabadilika papo hapo. Mpira ulikuwa na ufa, unavuta hewa. Mpira mpya ulikuwamo sandukuni mwangu. Sikuufunga. Niliupaka ufa grisi, makusudi, nikijua Mama Plagi akipima kwa maji hataona kitu, ataamini mpira ni mzima wala hataurudia, na joto la safari litaiyeyusha grisi. Nilitaka ashindwe mbele za watu. Aliyeshindwa ni mkeo.

Kesho asubuhi ninakwenda kwa mkuu wa zahanati kumweleza kwamba uchelewaji ule ni wangu. Kutoka huko nitapitia kwa shemeji. Sikuombi unitetee, na ukiamua kutonijibu barua hii, nitaelewa.

Limebaki moja. Nilipoutoa mpira wa zamani, Mama Plagi aliuokota. Alipitisha kidole ndani ya ufa, akaitazama grisi iliyobaki humo, akanitazama mimi. Kisha akautia mfukoni, akawageukia watu na kuwaambia wampigie mwalimu makofi tena. Wiki mbili zimepita na hajamwambia mtu. Ningekuwa mimi, ningeutundika mpira ule mlangoni. Hata ukimya wake ninauonea wivu.

Mama anakusalimu sana na anasisitiza uvae sweta. Wasalimu wenzako wa kazini.

Ni mimi kaka yako,
Fundi