Kiangazi Tulipokula Njia Nzima hadi Kang'ata

Mpendwa Mama,

Nakuandikia nikiwa Sindeni, uani kwa mjomba, ndugu yako. Mbele yangu kuna chungu cha boha, pombe yetu ya miwa. Nimeipika mwenyewe kwa ajili ya kumaliza matanga yako, na leo jua likipinduka inatakiwa kunywewa. Unajua desturi kuliko mimi: aliyepika huonja kwanza mbele ya watu, ndipo wengine wanywe. Asipoonja hakuna atakayegusa kibuyu, na matanga yatabaki hayajaisha. Nami niliapa siku ya ubatizo kwamba pombe haitagusa midomo yangu, tena nafundisha watoto shule ya misheni. Watu wameanza kufika na bado sijaamua.

Tangu asubuhi nakumbuka kiangazi kile shule ilipofungwa, ukaja kunichukua. "Umekaa sana na vitabu vya Wazungu," ulisema. "Twende ukale." Uliacha biashara yako ya pombe pale Korogwe, karibu na stesheni, na wachukuzi wa gari la moshi wakalalamika kwamba unawaua kwa kiu. Tulivuka mto Ruvu, ambao wengine huuita Pangani, tukiwa na kambale waliokaushwa kwa moshi. Tulipofika kwenye kivuli ukaomba jiko la watu, ukasonga bada, ule ugali wa muhogo. Ukaniona natafuna. "Bada haitafunwi, mwanangu. Imeze tu, inajua njia."

Kila jioni niliandika katika kitabu changu cha siku: tarehe, kijiji, chakula, pombe. Ulicheka mpaka ukakaa chini. "Unaandika ugali? Ule uliandikwa na nani tulipokulea?" Lakini kesho yake ukaniuliza kama nimekumbuka kuandika mlenda wa hapa Sindeni, ule uliotiwa karanga, na ukanisahihisha jina la mboga. Mpaka leo mtu akiniambia anasafiri huku kiangazi, namshauri anunue kambale Korogwe, alale Sindeni kwa ajili ya mlenda, na asikubali kurudi kabla ya kufika Kang'ata, kwenye asali nyeusi inayokwaruza koo kidogo. Kuhusu boha namwambia ajaribu ya miwa ya Magoma. Simwambii kwamba mimi mwenyewe niliinywa mara ya mwisho nikiwa na wewe.

Handeni sijaisahau. Karibu na boma mama mmoja alikuwa akiwauzia askari pombe ya mtama. Alitujazia kibuyu, akatukabidhi bila kuonja.

"Bibi, umesahau kitu," ulimwambia.

"Nimeonja tangu alfajiri. Nikionja kwa kila mteja si nitalala hapa hapa?"

Askari mmoja akacheka. "Huyu mama anaogopa sumu! Ana mali gani ya kurithiwa?"

"Nina binti," ulisema, ukakiweka kibuyu chini, tukaondoka na kiu yetu.

Njiani nilikuuliza kama kweli uliogopa sumu. Ulisema hapana, yule mama alikuwa na uso mzuri tu. "Ila akionja, amenikaribisha. Asipoonja, ameniuzia." Kisha ukaendelea kutembea, ukanionyesha mvungunya kando ya njia, ukaniambia namna ya kukata tunda lake vipande, kuvikausha juu ya moto, kuvitia kwenye maji ya miwa ili yachachuke, halafu kukaa kimya na kusikiliza chungu.

Mwaka uliofuata nikabatizwa. Ulisimama mlangoni mwa kanisa mpaka mwisho. Tulipokuwa tunarudi ukaniuliza, "Sasa siku yangu, nani ataonja?" Nikajibu upesi kwamba mjomba yupo. Ukaanza kuzungumza habari za mvua.

Basi jana nilimwomba mjomba.

"Mimi niliponda miwa hii?" akaniuliza.

"Hapana, mjomba."

"Nilikata vungunya?"

"Hapana."

"Basi pombe hii siijui. Nitamkaribishaje mtu kwa kitu nisichokijua?"

Mkewe akadakia kutoka jikoni, "Mwacheni mwalimu! Mpelekeeni padri chungu kizima, aonje yeye!" Tukacheka wote, hata mimi.

Pombe yenyewe nadhani ni nzuri. Nimeipika kwa pua na masikio, kama ulivyonifundisha. Nimejaribu pia kukitafutia kiapo changu mlango wa kutokea. Nilijiambia kwamba niliapa juu ya ulevi, kwamba tone moja si kunywa. Si kweli. Niliyasema maneno yale kwa sauti yangu, na nilijua maana yake. Padri naye si mtu mbaya; ndiye aliyenifundisha herufi hizi ninazokuandikia. Anaweza kunitoa darasani, na ninawapenda wale watoto, Mama. Hilo ndilo lililoninyima usingizi.

Lakini naangalia ua. Kuna wanawake waliotembea kutoka Kang'ata, na mzee wa Magoma aliyekuwa akikuuzia miwa. Wamekaa, wananisalimia kwa heshima, wananiita mwalimu, na hakuna hata mmoja aliyekitazama chungu. Wanasubiri wakaribishwe kwako, na mtoto uliyemwacha ni mimi peke yangu.

Nitaonja. Jumapili nitakwenda kwa padri mwenyewe, kabla hajaletewa habari na wengine, nimwambie nilichofanya na kwa nini. Sitamwambia kwamba nilisahau, wala kwamba nililazimishwa. Akinitoa, nitatoka.

Jua limepinduka. Mjomba ameosha kibuyu na kukiweka karibu na mguu wangu. Pumzika, Mama. Naweka kalamu chini nikawakaribishe wageni wako.

Mimi,
Binti yako