Msiba wa Mjomba Stambuli

Mwanvita, uko wapi wewe? Shika simu. Shemeji yako Luqmani ametumaliza.

Unajua mkataba wake wa stoo kiwandani unaisha mwezi huu, na hakuna anayemwambia kitu. Leo kaitwa intavyuu Kihonda, ya kumi na moja tangu Januari. Ruhusa angeipataje? Akamwambia bosi amefiwa na mjomba. Mjomba Stambuli wa Matombo! Kwa Waluguru mjomba ni zaidi ya baba; Mluguru akisema amefiwa na mjomba, nani atamzuia?

Mjomba mzima, Mwanvita. MZIMA. Juzi katuletea ndizi.

Huko kwenye intavyuu hakukaa hata dakika tano. Wakamwambia mtu wao wameshampata, wanakamilisha idadi tu. Anatoka getini, simu inaita. Mjomba.

"Mpwa wangu, kuna gari la kazini kwako hapa. Wamekuja kuzika."

Kuzika! Kina mama wamejitanda kanga, bosi mwenyewe kavaa kanzu, anamuuliza mjomba maziko ni saa ngapi. Na mjomba alishawakaribisha, akawatajia na jina lake kamili, kabla hajajua kwamba maiti ni yeye!

Kule hawamtaki, na huku kesho ataingia kazini kwa sura gani?

Sasa yupo hapa uani, hajavua hata tai. Nikadhani mjomba kamtukana. Wala! Mjomba alisogea kando na simu wageni wasimsikie, akamuuliza taratibu:

"Haya, mimi nimeshakufa. Kazi umepata?"